Edwin Link: Fundi wa vinanda aliyewafunza marubani kuruka wakiwa ardhini

KIJANA anayeishi Isebania, mji wa mpakani katika Kaunti ya Migori, halazimiki tena kusafiri hadi Nairobi ili aketi katika chumba cha rubani. Akiwa na tarakilishi yenye nguvu za kutosha na programu ya kuiga urubani, anaweza kuipaisha ndege kubwa ya abiria kutoka uwanja wa Kisumu, akapita juu ya Ziwa Victoria, kisha akaigeuza pua kuelekea kusini hadi auone mji wake mwenyewe na barabara inayoingia Sirari, upande wa Tanzania.

Mara nyingi ndege hizo za abiria haziji na programu yenyewe. Huundwa na kampuni nyingine, huuzwa kando na kuongezwa baadaye, na baadhi yake hugharimu makumi ya dola. Ndiyo sababu wapenzi wa burudani hii hujadiliana bila kuchoka juu ya jambo moja: ni ndege ipi inayofanana kwelikweli na ile halisi, na ni ipi iliyo picha tu iliyotiwa rangi vizuri?

Mjadala huo una umri mkubwa kuliko tarakilishi zenyewe. Karne moja hivi iliyopita ulimshughulisha Mmarekani mmoja aliyekuwa akitengeneza vinanda katika kiwanda cha baba yake. Aliitwa Edwin Albert Link. Mashine aliyoiunda haikuwa na kioo cha kuonyesha mawingu wala mandhari ya mji wowote, na kwa umbo haikufanana na ndege yoyote iliyopata kuruka. Hata hivyo, mamia ya maelfu ya marubani walijifunza kazi yao ndani yake, na kila simuleta ya ndege inayotumika leo, ya shirika kubwa au ya sebuleni, ina deni kwake.

Somo la kwanza lililomkasirisha

Link alizaliwa Julai 26, 1904, katika mji wa Huntington, jimbo la Indiana. Mwaka 1910 familia yake ilihamia Binghamton, jimbo la New York, ambako baba yake alikuwa amenunua kampuni ya ala za muziki iliyofilisika. Kampuni hiyo ilitengeneza piano zinazojipiga zenyewe na vinanda vikubwa vya majumba ya sinema. Zama zile filamu hazikuwa na sauti, na kinanda ndicho kilichowapa watazamaji kishindo cha radi na majonzi ya mapenzi.

Kijana Edwin hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa darasani, lakini mikono yake ilikuwa na akili. Alipokuwa kiwandani alijifunza jinsi hewa inavyoweza kutumwa kazi. Ndani ya vinanda vile, pampu ilivuta hewa, vali zikafunguka na kufungika, na mivukuto ya ngozi ikajaa na kunywea kwa kufuata amri ya kidole cha mpigaji. Mhunzi yeyote anayefua jembe anaujua mvukuto. Tofauti ni kwamba katika kiwanda cha akina Link mvukuto ulitii kwa kipimo, ukijaa kidogo au ukijaa sana kadiri ulivyoagizwa.

Mwaka 1920, akiwa California, alilipa dola 50 ili apewe somo lake la kwanza la urubani. Zilikuwa fedha nyingi kwa kijana wa umri wake. Shule ile ilikuwa ya Sydney Chaplin, ndugu wa mchekeshaji mashuhuri Charlie Chaplin. Kwa muda wa saa nzima hivi, mwalimu alimbiringisha angani, akampindua kichwa chini miguu juu na kumteremsha kwa kasi ya kutisha. Hakumruhusu hata mara moja kuugusa usukani. Ndege ilipotua, Link alikuwa ameonja hofu na raha ya anga, ila hakuwa amejifunza lolote.

Tangu siku hiyo alisumbuliwa na wazo moja. Ndege ilikuwa ghali, mafuta yalikuwa ghali, na kosa la mwanagenzi angani liliweza kuwa la mwisho. Kwa nini basi mtu asifanye makosa yake ya kwanza mahali ambapo hayawezi kumuua?

Ndege isiyotoka chini ya nyumba

Link aliendelea kujifunza kwa shida, akipata saa chache za kuruka kila alipopata fedha, jambo ambalo baba yake hakulipenda. Hatimaye alipata ndege yake mwenyewe, mojawapo ya zile za kwanza kabisa kutoka kampuni ya Cessna, ambayo miaka mingi baadaye ndege zake ndogo zingezoeleka katika viwanja vya vumbi kote Afrika Mashariki. Akawa akizunguka mashambani na kuwabeba watu kwa nauli, akifanya maonyesho na kufundisha.

Kati ya mwaka 1927 na 1929, katika chumba cha chini ya kiwanda cha baba yake, alikuwa akiiunda mashine ya wazo lake. Kazi hiyo ilimchukua takriban miezi 18. Alitengeneza kiwiliwili kifupi cha ndege kwa mbao, akakipachika vijibawa na mkia, kisha akakiweka juu ya mhimili ulioweza kuinama kila upande. Chini yake alifunga mivukuto ile ile ya vinanda. Mwanagenzi alipouvuta usukani, vali zilifunguka, hewa ikanyonywa kutoka mvukuto mmoja na kuingia mwingine, na pua ya mashine ikainuka. Aliposukuma, ikainama. Alipoegemeza usukani kushoto au kulia, mashine ililala upande huo. Mota nyingine iliizungusha yote kama ndege inayokata kona.

Link hakuwa wa kwanza kufikiria kifaa cha namna hiyo. Nchini Ufaransa, mnamo 1910 hivi, kampuni ya ndege ya Antoinette iliwahi kuwakalisha wanafunzi juu ya vipande vya pipa, huku wasaidizi wakivitikisa kwa mikono ili anayejifunza ajitahidi kuvisawazisha. Upungufu wa pipa lile ni kwamba lilitikiswa na watu na halikuendeshwa na mwanafunzi. Mashine ya Link ilisubiri amri ya mkono wa aliyeketi ndani na kuijibu papo hapo. Akikosea, ilimwonyesha kosa lake.

Hapo ndipo palipokuwa na uvumbuzi, na ndipo penye kipimo ambacho wapenzi wa simuleta za nyumbani wangali wanakitafuta hadi leo. Kufanana kwa Link hakukuwa kwa sura. Kulikuwa katika uhusiano wa mkono na jibu la chombo.

Aliomba hataza mwaka 1929 na kuipata 1931. Katika maombi yake aliieleza mashine hiyo kuwa ni kifaa cha kuwafunza wanagenzi wa urubani na pia ni chombo cha burudani. Maneno hayo mawili yaliyoandikwa pamoja yalikuwa na busara ya mfanyabiashara, kwa maana hakujua ni nani angekubali kuinunua.

Mchezo wa sarafu

Wanunuzi wa kwanza hawakuwa marubani. Walikuwa wenye bustani za burudani. Watoto na vijana walitia sarafu, wakaketi, wakayumbishwa kidogo na kushuka wakicheka. Shule za urubani hazikuona maana yake. Wakufunzi wa siku zile waliamini kwamba urubani hukaa mwilini, na kwamba rubani wa kweli huihisi ndege kwa makalio yake kama mpanda farasi anavyomhisi farasi. Sanduku lililofungwa sakafuni lingewezaje kumpa mtu hisia hiyo?

Nyakati nazo zilikuwa ngumu. Uchumi wa Marekani ulianguka mwaka 1929, na filamu zenye sauti zilikuwa zimeanza kuviua vinanda vya sinema. Link alifungua shule yake mwenyewe ya urubani na kuwaanzisha wanafunzi ndani ya mashine kabla ya kuwapeleka angani. Ili apate riziki, alibuni pia mabango ya taa yaliyofungwa chini ya mabawa ya ndege, yakiwaka usiku kwa zamu na kuandika matangazo angani. Taa hizo ziliongozwa na mkanda wenye matundu, sawa na ule unaoongoza piano inayojipiga yenyewe. Mwaka 1931 alimwoa Marion Clayton, mwandishi wa habari, aliyekuja kuwa mshirika wake katika biashara na katika safari zote zilizofuata.

Kuruka usiku na katika hali mbaya ya hewa kulimfunza Link jambo ambalo wakufunzi wengi walikuwa bado hawajalikubali. Hisia za mwili haziaminiki. Ndani ya sikio la binadamu mna mifereji midogo yenye majimaji inayomwambia kama ameinama au amesimama wima. Mifereji hiyo hutosha kwa anayetembea ardhini. Ndani ya wingu, ndege ikilala upande mmoja polepole, majimaji yale hayatikisiki vya kutosha, na rubani huapa kwamba amenyooka huku akiteremka kwa mzunguko kuelekea ardhini. Kinachoweza kumwokoa ni vyombo vilivyo mbele yake: kipimo cha mwinuko, kipimo cha kasi, kipimo cha mgeuko na dira.

Kwa hivyo aliiongezea mashine yake vyombo hivyo, kisha akaifunika kwa kifuniko kisichopitisha mwanga. Kuanzia hapo mwanagenzi hakuona kitu ila vishale vya vyombo. Mkufunzi aliketi mezani kando, akimpa maagizo kwa redio, huku kifaa kidogo chenye magurudumu kikitambaa juu ya ramani na kuchora kwa wino njia ambayo ndege ile isiyoondoka mahali pake ilikuwa imepita. Somo lilipokwisha, makosa yalikuwa yameandikwa na hayakuweza kubishaniwa.

Vifo vya mwaka 1934

Ilihitajika misiba ili mashine hiyo isikilizwe. Mwezi Februari mwaka 1934, Rais Franklin Roosevelt alifuta kandarasi za kampuni zilizokuwa zikisafirisha barua kwa ndege, kufuatia tuhuma za upendeleo katika utoaji wake. Kazi hiyo ikakabidhiwa kikosi cha ndege cha jeshi. Marubani wa jeshi walikuwa wamezoea kuruka mchana katika anga safi. Sasa waliagizwa kubeba barua usiku, katikati ya majira ya baridi, kupitia theluji na ukungu, wengi wao wakiwa na mafunzo haba ya kutegemea vyombo.

Ajali zilianza hata kabla ya kazi yenyewe kuanza rasmi. Katika muda wa miezi michache zilitokea ajali 66, na zaidi ya wanahewa kumi wakapoteza maisha. Magazeti yalipiga kelele, na wakuu wa jeshi wakalazimika kutafuta dawa.

Inasimuliwa kwamba kundi la maofisa lilikwenda katika uwanja wa ndege wa Newark, jimbo la New Jersey, kumsubiri Link aje awaeleze kuhusu mashine yake. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito na maofisa wakaamua kuondoka, kwa kuwa hawakutarajia mtu mwenye akili timamu aruke katika hali ile. Kabla hawajaondoka walisikia mngurumo, na Link akatokea ukunguni na kutua. Alikuwa ameruka kutoka Binghamton kwa kutegemea vyombo peke yake.

Mwezi Juni mwaka huo jeshi liliagiza mashine sita, kila moja kwa dola 3,500. Link alikuwa na umri wa miaka 29. Kifaa kilichokuwa mchezo wa watoto kikawa chombo cha serikali, na mchezo wenyewe haukuwa umebadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba waliokuwa wakiupuuza walikuwa wamezika wenzao.

Sanduku la buluu

Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka, mahitaji yaliongezeka kupita kiasi. Viwanda vya Link viliunda zaidi ya mashine 10,000 katika miaka ya vita, na ilipofikia kilele, mashine mpya ilikamilika kila baada ya dakika 45 hivi. Zaidi ya wanahewa 500,000 wa Marekani na mataifa rafiki walipitia ndani yake. Wengi waliiita sanduku la buluu, kwa sababu ya rangi ya kiwiliwili chake. Mabawa yake yalikuwa ya manjano na mafupi kiasi cha kuchekesha.

Uingereza, iliyokuwa ikihitaji kuzivusha ndege Bahari ya Atlantiki na kuziongoza usiku juu ya Ulaya, ilimwomba Link abuni kifaa cha kufundisha usafiri kwa kufuata nyota. Akishirikiana na bingwa wa elimu ya usafiri wa baharini na angani, P. V. H. Weems, alijenga jengo la mviringo lenye kimo cha mita 14 hivi. Juu yake ilitundikwa kuba ya nyota bandia zilizosogea kama zile za mbinguni, na kikosi kizima cha ndege kiliketi chini yake kikipiga hesabu zake. Mwaka 1945 Taasisi ya Franklin ya mjini Philadelphia ilimtuza nishani ya Howard N. Potts.

Mashine hizo zilikuwa na mapungufu yake, na Link aliyajua. Hazikuweza kumgandamiza rubani kitini kama inavyofanya ndege halisi inapokata kona kali. Hazikuwa na dirisha la kuona uwanja wa kutua. Upepo ulikuwa wa kubuniwa na mkufunzi. Hata hivyo, jambo lililokuwa likiwaua marubani, yaani kuiamini hofu ya mwili na kuvipuuza vyombo, liliigwa kikamilifu. Kila aliyesahau kuangalia kipimo chake ndani ya giza lile alianguka, akafufuka na kuanza upya.

Mwaka 1954 kampuni yake iliunganishwa na General Precision, na baadaye tawi lake ndilo lililounda simuleta walizozitumia wanaanga wa Marekani kujiandaa kwa safari za mwezini za Apollo.

Somo lililoifikia Nairobi

Afrika Mashariki imelilipia somo la Link kwa machozi. Usiku wa Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways aina ya Boeing 737-800 iliyokuwa ikija Nairobi iliondoka Douala, Cameroon, katika giza na mvua. Ilianza kulala upande wa kulia polepole, na katika muda usiozidi dakika mbili ikaanguka kwenye kinamasi cha mikoko. Watu wote 114 waliokuwemo walifariki. Ripoti ya wachunguzi wa Cameroon ya mwaka 2010 ilieleza kwamba marubani walipoteza mwelekeo baada ya ndege kulala pole pole bila wao kutambua, huku nje kukiwa hakuna chochote cha kutazama na vyombo vikiwa havifuatiliwi ipasavyo. Lilikuwa giza lile lile ambalo Link aliliweka chini ya kifuniko cha sanduku lake.

Miaka 12 baadaye, Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliyotoka Addis Ababa kuja Nairobi ilianguka dakika chache baada ya kupaa. Watu 157 waliangamia, 32 kati yao wakiwa Wakenya. Kitambuzi kilichotoa habari za uongo kilikuwa kimeifanya programu ya ndege kuisukuma pua chini mara kwa mara. Marubani waliizima mitambo husika na kujaribu kuinyanyua pua kwa gurudumu linalozungushwa kwa mkono, lakini kwa kasi iliyokuwapo gurudumu hilo halikuwatii.

Mwezi Mei mwaka huo Boeing ilikiri kwamba programu ya simuleta za 737 MAX haikuweza kuiga sawasawa baadhi ya hali za kuruka, na ikasema imeirekebisha. Taarifa za wakati huo zilieleza kwamba kasoro hiyo ilihusu uzito wa gurudumu lile la mkono. Hizo zilikuwa simuleta za mamilioni ya dola, zenye kila taa na kila swichi mahali pake. Macho hayangeona tofauti yoyote, kwa kuwa kasoro ilikuwa mahali ambapo mkono hukutana na uzito wa hewa.

Bahari ilipomnyang'anya mwana

Link mwenyewe alikuwa ameliacha anga zamani. Kuanzia miaka ya 1950 moyo wake ulihamia baharini. Akiwa na Marion katika merikebu yao, Sea Diver, alitafuta mabaki ya vyombo vilivyozama, na mwaka 1959 walichunguza mji wa Port Royal nchini Jamaica, uliomezwa na bahari katika tetemeko la Juni 7, 1692. Mwaka 1962, katika Bahari ya Mediterania, Mbelgiji Robert Sténuit alikaa zaidi ya saa 24 katika kina cha mita 61 ndani ya chumba cha silinda alichokibuni Link. Link mwenyewe alikuwa amekijaribu kwanza kwa kina kifupi. Miaka miwili baadaye, katika visiwa vya Bahamas, Sténuit na Jon Lindbergh, mwana wa rubani mashuhuri Charles Lindbergh, waliishi saa 49 katika hema la mpira kwenye kina cha mita 132.

Nyambizi ndogo aliyoiunda pamoja na tajiri Seward Johnson ilizinduliwa mwaka 1971 na kupewa majina yao wote wawili, Johnson Sea Link. Mnamo Juni 17, 1973, karibu na Key West, Florida, nyambizi hiyo ilinaswa na nyaya za manowari kuukuu iliyokuwa imezamishwa ili iwe makazi ya samaki. Ndani yake walikuwamo watu wanne. Mmoja wao alikuwa Edwin Clayton Link, mwana wa mvumbuzi, mwenye umri wa miaka 31.

Baba alikuwa juu, katika merikebu, akisubiri pamoja na waokoaji. Zaidi ya saa 24 zilipita kabla ya nyambizi kunasuliwa. Wawili waliokuwa mbele, katika chumba cha plastiki ngumu, waliokoka. Chumba cha nyuma kilikuwa cha alumini, madini ambayo huipitisha baridi kwa urahisi. Baridi ya bahari ikaipunguza nguvu dawa iliyopaswa kuifyonza hewa ukaa wanayoitoa watu wanapopumua. Clayton na mwenzake Albert Stover walikufa humo.

Mtu aliyetumia ujana wake kuhakikisha kwamba wana wa wengine wanakosea mahali pasipo mauti alimpoteza wake katika chombo alichokibuni mwenyewe. Link hakujificha na majonzi yake. Alitumia miaka iliyofuata kubuni kifaa cha uokoaji kisichobeba mtu, kinachoongozwa kwa waya kutoka juu na kuweza kukata nyaya na kuondoa vizuizi, ili mwingine akinaswa asiachwe kusubiri.

Kipimo alichokiacha

Edwin Link alifariki Septemba 7, 1981, mjini Binghamton, akiwa na miaka 77. Kufikia mwaka 1980, Bruce Artwick alikuwa ameanza kuuza programu ya kuruka kwa tarakilishi ndogo ya Apple II, yenye mistari michache iliyowakilisha milima na uwanja. Mwaka 1982, mwaka mmoja baada ya kifo cha Link, Microsoft ilitoa ya kwake. Burudani na mafunzo, maneno mawili aliyoyaandika Link katika hataza yake, yakakutana tena katika sebule za watu. Tangu hapo mistari ile imegeuka kuwa picha za setilaiti za dunia nzima.

Leo simuleta za mashirika ya ndege hupangwa kwa madaraja, la juu kabisa likiwa daraja D. Ili kufika huko, simuleta hulinganishwa na rekodi zilizochukuliwa katika ndege halisi: inapaa kwa kasi gani, inasimama kwa umbali gani, usukani wake unahitaji nguvu kiasi gani. Urembo wa picha peke yake hauwezi kuipa hadhi hiyo. Mchezo wa nyumbani haupitii mtihani huo, na saa zinazotumika humo kwa tarakilishi ya kawaida hazimpi mtu leseni.

Lakini kijana wa Isebania anaweza kuipima ndege aliyoinunua kwa njia ambayo Link angeitambua. Aipaishe kutoka Kisumu usiku kuelekea ziwani, mahali pasipo na taa, kisha aviangalie vyombo peke yake. Azime injini moja aone kama pua inavutwa upande mmoja na kama umeme na mitambo inayoitegemea injini hiyo nayo inazimika. Aruke akiwa na mafuta mengi, kisha akiwa na machache, aone kama ndege inaujua uzito wake. Akosee kwa makusudi, apunguze kasi kupita kiasi, aone kama anaadhibiwa.

Ndege inayosamehe kila kosa ni picha, hata kama misumari ya mabawa yake inahesabika. Ile inayomwangusha kwa kosa lile lile ambalo lingemwangusha angani, kisha ikamwacha ainuke na kujaribu tena, ndiyo aliyoikusudia fundi wa vinanda wa Binghamton.